Jinsi ya Kuchagua Meza ya Kompyuta Mpakato kwa Anayefanyia Kazi Nyumbani Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayefanyia kazi nyumbani kwake Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga ni nadra akae sehemu moja kutwa nzima. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, chumba cha ndani huwa na baridi ya kutia vidole ganzi, kwa hiyo kompyuta huhamia barazani penye jua. Adhuhuri mwanga ukizidi na kioo kisisomeke, mtu hurudi sebuleni. Na jioni, watoto wakisharudi kutoka shuleni na televisheni ikishawashwa, kazi iliyobaki humaliziwa chumbani. Kwa maisha ya namna hiyo, meza kubwa ya ofisini yenye droo tatu haisaidii sana, maana haihamishiki. Inayohitajika ni meza nyepesi inayoweza kumfuata mwenyewe kila anapokaa, na ambayo kimo chake kinalingana na mwili wake pamoja na kiti chake.

Mwili na kiti ndivyo vinavyopaswa kutangulia katika uchaguzi huu. Wanunuzi wengi huanza na rangi na umbo, kisha meza ikishafika nyumbani ndipo wanapoona kwamba mabega yanapanda kila wanapoandika, au kwamba magoti hayaingii. Ninapendekeza mpangilio wa kinyume: pima mwili ukiwa umekaa, amua ukubwa wa ubao, tazama mahali utakapokaa, ndipo uchague aina ya meza, mbao zake na fundi wake. Urembo uje mwisho, na hata ukikosekana hakuna kitakachoharibika.

Hatua ya kwanza: Pima kiwiko chako ukiwa umekaa

Kaa kwenye kiti kile kile utakachofanyia kazi, si kiti kingine kilicho karibu. Egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili sakafuni, shusha mabega, kisha kunja mkono mpaka kiwiko kifanye pembe ya mraba, kiganja kikitazama chini. Mwombe mtu wa nyumbani akupimie kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Kipimo hicho ndicho kimo ambacho vidole vyako vinapaswa kukuta vitufe vya kompyuta. Kwa kuwa kompyuta mpakato yenyewe ina unene wa sentimita mbili hivi, ubao wa meza unatakiwa uwe chini ya kiwiko kwa kiasi hicho.

Mtu mwenye urefu wa sentimita 160 hivi, akiwa kwenye kiti kinachomruhusu kukanyaga sakafu vizuri, mara nyingi hupata kipimo cha kati ya sentimita 62 na 65. Mwenye sentimita 175 hupata kati ya 66 na 70. Sasa linganisha na meza ya kulia chakula, ambayo kwa kawaida huwa na kimo cha inchi 30, yaani sentimita 76. Tofauti hiyo ya sentimita kumi ndiyo inayowafanya watu wengi waamke na maumivu ya mabega na shingo baada ya siku nzima ya kuandika ripoti kwenye meza ya chakula, kwa sababu mikono imeinuliwa muda wote na misuli ya mabega haipumziki hata kidogo. Mto wa kukalia unaweza kupunguza tatizo, lakini nyayo zikianza kuning'inia, uzito huhamia nyuma ya mapaja na miguu hufa ganzi. Hapo itabidi uweke kibao au tofali la kukanyagia.

Kochi linahitaji uangalifu zaidi. Sponji ya kochi hudidimia, na ya kochi lililotumika miaka kadhaa hudidimia zaidi, kwa hiyo usipime mara tu unapokaa. Kaa kwanza dakika kadhaa, egemea kama unavyoegemea siku zote, ndipo upime. Rudia zoezi hilo kwa kila mahali unapokaa kweli: kiti cha chakula, kochi la sebuleni, stuli au kibaraza cha saruji kilicho nje. Andika vipimo vyote kwenye karatasi moja. Vikitofautiana kwa sentimita tatu au pungufu, meza moja ya kimo kisichobadilika itakutosha. Vikitofautiana kwa sentimita tano au zaidi, una njia mbili: kutafuta meza inayopandishwa na kushushwa, au kuchagua kipimo cha mahali unapokaa muda mrefu zaidi na kusawazisha kwingine kwa mto. Binafsi naona njia ya pili ni bora kwa mtu mwenye bajeti ndogo, kwa sababu meza ya kimo kimoja iliyotengenezwa imara hudumu kuliko ile yenye vifaa vingi vya kukaza na kulegeza.

Usisahau nafasi ya mapaja. Pima kutoka sakafuni hadi sehemu ya juu kabisa ya paja lako, kisha ongeza sentimita tatu. Chini ya kimo hicho pasiwe na fremu, droo wala ubao wa kuunganishia miguu. Kama una mazoea ya kujifunika blanketi au shuka la kimasai wakati wa baridi, pima ukiwa umejifunika. Kwenye meza fupi, droo ndiyo kitu cha kwanza cha kuachana nacho, kwa kuwa hula nafasi ile ile ambayo magoti yanaihitaji.

Lipo jambo moja ambalo meza peke yake haiwezi kulitatua. Kwenye kompyuta mpakato, kioo na vitufe vimeunganishwa, kwa hiyo mikono ikikaa vizuri, macho hulazimika kutazama chini na shingo huinama. Anayeandika barua pepe chache kwa siku atavumilia. Anayefanya kazi saa nne au tano mfululizo, kama mhasibu, mfasiri au mwanafunzi anayeandika tasnifu, anapaswa kuinua kompyuta mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho au uwe chini yake kidogo, kioo kikiwa umbali wa sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni, kisha atumie kibodi na kipanya vya pembeni vilivyowekwa kwenye kimo cha kiwiko. Uamuzi huo ufanywe sasa, kabla ya hatua inayofuata, kwa sababu unabadilisha ukubwa wa ubao.

Hatua ya pili: Amua ukubwa wa ubao

Kompyuta yenye kioo cha inchi 14 huwa na upana wa sentimita 32 hivi na kina cha 22. Yenye kioo cha inchi 15.6 huwa na upana wa sentimita 36 hivi na kina cha 25. Ubao wa sentimita 45 kwa 30 utabeba kompyuta peke yake na hautabaki na nafasi ya kitu kingine. Ukitaka kipanya kikae pembeni, tafuta ubao wa sentimita 60 kwa 40. Ukiwa umeamua kuinua kompyuta na kutumia kibodi ya pembeni, hitaji linapanda hadi sentimita 70 kwa 50, na hapo meza inaanza kuwa nzito kuhamisha.

Daftari na simu vitafutiwe nafasi kwenye ubao huo huo. Kikombe cha chai ningependa kikae kwenye stuli ya pembeni, chini ya kimo cha kompyuta, ili kikimwagika kisiingie kwenye vitufe. Katika mikoa ambayo chai ya maziwa hunywewa tangu asubuhi hadi usiku, tahadhari hiyo si ndogo.

Hatua ya tatu: Tazama mahali penyewe kabla ya kununua

Tembea nyumbani mwako ukiwa na futi kamba. Anza na milango: meza inayohama itapitishwa milangoni kila siku, na ikizidi upana wa mlango italazimu kuinamishwa ubavu, jambo ambalo mtu hulifanya kwa siku chache kisha akachoka. Kwa uzito, kipimo changu ni kilo nane. Ikizidi hapo, meza itabaki ilipowekwa siku ya kwanza.

Sakafu nayo ina maamuzi yake. Kwenye vigae, magurudumu huteleza vizuri. Kwenye zulia hukwama. Na kwenye saruji iliyochimbikachimbika ya baraza, magurudumu madogo huingia kwenye mashimo na kuitikisa meza nzima. Kama baraza lako halijasawazishwa, miguu mitatu hukaa bila kuyumba mahali popote, ingawa meza ya miguu mitatu hupinduka kwa urahisi zaidi mtu anapoegemea pembe yake. Kwa nyumba yenye watoto wadogo wanaokimbia, nisingeishauri.

Kuhusu mwanga, kumbuka kwamba Iringa na Mbeya ziko kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 7 na 9 za latitudo. Kuanzia Mei hadi Agosti, jua la mchana hupitia upande wa kaskazini wa nyumba. Ifikapo Desemba, hupitia upande wa kusini. Kwa hiyo baraza au dirisha linalotazama kaskazini ndilo litakalokupa joto katika miezi ya baridi, na ndilo la kulitafuta kwanza. Lakini usikae dirisha likiwa mgongoni, kwa sababu mwanga utajaa kwenye kioo, wala usilitazame uso kwa uso, kwa sababu macho yatachoka. Weka meza ili dirisha liwe ubavuni mwako. Meza nyepesi ina faida hapa: saa tatu asubuhi unaielekeza hivi, na saa sita unaizungusha kidogo tu.

Umeme uangaliwe kwa pamoja na mahali. Waya wa chaja ya kompyuta haufiki mbali, na soketi za nyumba nyingi ziko mbili au moja kwa chumba. Pima kutoka kwenye soketi hadi unapotaka kukaa, na waya usikatize njia ya kupita watu. Barazani fanya kazi kwa betri, kisha ingia ndani kuchaji. Kuvuta waya wa ekstensheni hadi nje katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, ni hatari isiyo na sababu. Radi zikianza, chomoa chaja ukutani.

Niseme pia kuhusu jiko la mkaa, kwa kuwa wengi hulitumia kujipasha joto wakifanya kazi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa madirisha gesi hiyo huua watu wakiwa wamesinzia. Usiweke jiko la mkaa chini ya meza wala ndani ya chumba unachofanyia kazi. Ukishindwa na baridi, vaa zaidi, jifunike miguu, au hamia kwenye jua.

Hatua ya nne: Chagua aina

Meza ndogo za miguu mifupi zinazowekwa kitandani au mkekani hupatikana kwa wingi, na kwa kazi ya nusu saa zinatosha. Faida yake kubwa ni kuitoa kompyuta juu ya blanketi, kwa sababu kompyuta nyingi hunyonya hewa kupitia matundu ya chini, na blanketi zito la msimu wa baridi huyaziba kabisa mpaka feni ikalia na mashine ikapunguza kasi. Lakini kitanda hakiushiki mgongo, na hakuna meza itakayobadilisha hilo. Ubao wa kupakata wenye mto chini yake uko katika kundi hilo hilo. Meza ya kukunjwa iliyofungwa ukutani inafaa chumba kidogo cha mpangaji mwanafunzi, mradi skrubu zake ziwe ndefu, zishikwe na fisha, na ukuta uwe wa tofali imara. Hata hivyo haihami, na mwenye nyumba lazima aombwe ruhusa kabla ukuta haujatobolewa.

Aina inayostahili kufikiriwa zaidi kwa watu wa kochini ni meza yenye umbo la herufi C: ubao juu, mguu mmoja upande, na nyayo zinazoingia chini ya kochi. Inasogea hadi kifuani, haigusani na magoti, na kazi ikiisha inasukumwa pembeni. Hata hivyo, ina masharti mawili. La kwanza ni nafasi chini ya kochi. Makochi mengi yanayotengenezwa na mafundi wetu yana fremu inayokaribia sakafu, na mengine yamezungushiwa kitambaa kinachoficha mbao. Piga magoti, inua kitambaa, pima. Ikiwa nafasi ni chini ya sentimita nne, nyayo za chuma hazitaingia bila kukwaruza. Sharti la pili ni urefu wa nyayo zenyewe. Nyayo zinapaswa kuwa na urefu unaokaribiana na ule wa ubao. Zikiwa fupi, meza itainama mara tu mikono inapoegemea ukingo wa mbali na mguu. Dukani, jaribu hivi: weka kiganja kwenye ukingo huo na uegemee kama mtu anayesimama kutoka kwenye kiti. Nyayo zikinyanyuka sakafuni, iache.

Ikiwa kochi lako halina nafasi chini, usilazimishe. Iko meza inayovuka mapaja, yenye fremu mbili za pembeni na nyayo ndefu zinazoelekea mbele na nyuma, ambayo fundi yeyote wa mbao anaweza kuitengeneza. Nafasi kati ya fremu mbili iwe sentimita 60 au zaidi, ili magoti yapate kusogea. Hii ndiyo aina ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za huku, kwa sababu inafanya kazi kochini, kwenye kiti cha kawaida na hata barazani, na haina kifaa kinachoweza kuharibika.

Meza za magurudumu zinazopandishwa na kushushwa huagizwa mara nyingi kutoka Dar es Salaam na kufika kwa basi zikiwa zimefungashwa kwenye boksi. Zinafaa familia ambayo watu wawili wa vimo tofauti hutumia meza moja. Kabla ya kulipa, uliza uzito inaoweza kubeba, uliza kama magurudumu mawili yana breki, na uhakikishe kwamba kimo chake cha chini kabisa hakizidi kipimo cha kiwiko chako. Nyingine hazishuki kufika hapo, na sehemu hii ya maelezo ndiyo ambayo wauzaji husahau kuiandika. Kama ubao wake huinamishwa, uwe na ukingo mdogo wa kuzuia kompyuta isiteleze, na ukingo huo usiwe mrefu kiasi cha kukata vifundo vya mikono.

Hatua ya tano: Jua mbao unazonunua

Hapa ndipo mkazi wa Nyanda za Juu Kusini ana bahati kuliko mnunuzi wa mahali pengi nchini. Shamba la Miti Sao Hill, lililoko Mufindi, ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali Tanzania, na paini yake huuzwa Mafinga, Makambako, Iringa na Mbeya kwa vipimo vyote. Paini ni nyepesi, hurandika kwa urahisi na haina baridi mkononi. Udhaifu wake ni ulaini: kucha au kalamu ikikandamizwa huacha alama. Kwa meza inayohama, wepesi una thamani kuliko ugumu. Ubao wa paini iliyokauka wenye sentimita 60 kwa 40 na unene wa sentimita mbili huwa na uzito wa kilo mbili na kitu. Wa mninga hukaribia kilo tatu, na mninga una ubora wake kwamba haupindi wala haunywei sana unapokauka. Mkaratusi ni mgumu na mzito, na ukiwa mbichi hupinda na kupasuka, kwa hiyo nauacha kwa kazi nyingine.

Mbao zenye rangi ya kijani kibichi, ambazo wauzaji huziita mbao zilizotiwa dawa, zimetengenezwa kwa ajili ya kenchi za paa. Dawa hiyo huwa na madini ya shaba na mara nyingi kromiamu na aseniki. Vumbi lake wakati wa kupiga msasa si la kuvuta, na meza ambayo mikono itaegemea kila siku haipaswi kutengenezwa kwayo. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka mbao zisizotiwa dawa. Madoa ya bluu kwenye paini ni suala tofauti: hayo husababishwa na kuvu wanaobadilisha rangi bila kudhoofisha mbao kwa kiasi cha kuhofia, na ubao wa namna hiyo unaweza kuombewa punguzo.

Ukavu wa mbao ndio ninaokusihi uusimamie kuliko kitu kingine chochote katika hatua hii. Ubao mbichi hunywea kwa upana wake, si kwa urefu, kadiri unavyokauka. Meza iliyotengenezwa mwezi wa tatu kwa mbao zilizoshushwa juzi kutoka kwenye lori itaonyesha nyufa kwenye maungio ifikapo Agosti au Septemba, hewa ikiwa kavu, na ubao utaanza kupinda kama jani. Kuna njia rahisi za kupima. Chukua mbao mbili za kipimo kimoja, moja kwa kila mkono; iliyo nzito zaidi mara nyingi ndiyo mbichi zaidi. Gonga kwa kidole kilichokunjwa: kavu hutoa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito. Gusisha ubao shavuni: mbichi huwa na ubaridi wa unyevu. Tazama pia unga wa msumeno. Ukishikana mkononi, mbao hizo bado. Ukiweza, agiza meza kati ya Julai na Oktoba, au nunua mbao mapema na uziweke kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vipande vyembamba ili hewa ipite, kwa miezi michache.

Plaiwudi ya milimita 18 ni chaguo zuri kwa asiyetaka kusubiri, kwa kuwa matabaka yake yamepishanishwa na hivyo haipasuki wala haipindi kirahisi. Kingo zake zipigwe utepe wa mbao. Mbao za MDF, yaani zile za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ambazo ndizo za meza nyingi zinazoagizwa, huvimba zikilowa, na skrubu ikishang'oka mara moja haishiki tena vizuri. Meza ya chuma yenye fremu ya skwea paipu ni imara, lakini ubao wa juu usiwe wa bati wala kioo: asubuhi ya Julai vifundo vya mikono vitakuambia kwa nini.

Hatua ya sita: Agiza kwa fundi kwa vipimo, kisha kagua

Mafundi wengi hufanya kazi kwa futi na inchi, kwa hiyo geuza vipimo vyako kabla hujaenda: inchi moja ni sentimita 2.54. Usiseme tu kwamba unataka meza ya kompyuta, kwa sababu fundi atakutengenezea ya inchi 30 kama alivyozoea. Sema hivi: “Shikamoo fundi,” kama ni mkubwa kwako, “naomba meza ya kufanyia kazi nikiwa kwenye kochi. Kutoka sakafuni hadi juu ya ubao iwe inchi 26. Ubao uwe inchi 24 kwa 18, paini kavu isiyotiwa dawa, na upande ninaokalia pasiwe na kizuizi chochote chini.” Mwandikie na umwachie karatasi. Omba akutenganishie gharama za mbao, ufundi na vanishi, ili ujue unalipia nini. Ukilipa malipo ya awali, yaandikwe.

Mbao mbili za inchi 1 kwa 10, zikirandwa na kuunganishwa ubavu kwa gundi, hutoa ubao wa inchi 18 au 19 hivi. Mbili za inchi 1 kwa 8 hutoa inchi 15. Mwombe fundi ubao usigundishwe kwenye fremu kuzunguka pande zote, bali ushikwe kwa skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu kidogo, ili mbao ipate nafasi ya kunywea na kutanuka bila kupasuka.

Siku ya kuichukua, usiitazame kwa juu tu. Igeuze, miguu iwe hewani. Angalia maungio: ulimi uingie kwenye tundu lake bila uwazi wa kupitisha ukucha, na kusiwe na misumari iliyopigwa mshazari kuficha mwanya. Kama ni chuma, pitisha kidole kwenye sehemu zilizochomelewa. Pawe pamesagwa kwa grenda, pasiwe na matundu, na ncha za paipu ziwe zimezibwa ili zisichane zulia. Kisha isimamishe, weka kikombe kilichojaa maji katikati ya ubao, na uchape vidole mahali kompyuta itakapokaa kwa nguvu ile ile unayoandikia. Maji yakitetemeka kidogo, si neno. Yakimwagika au yakiendelea kuyumba baada ya mikono kutulia, fremu inahitaji kuongezewa mbao ya kushikilia nyuma, na fundi mwenye kujali kazi yake atakubali kuirudisha mezani.

Hatua ya saba: Malizia kwa vanishi, kisha rekebisha kimo

Vanishi isiyong'aa sana ni bora, kwa kuwa inayong'aa hurudisha mwanga machoni. Pande zote za ubao zipakwe, hata chini, ili unyevu usiingie upande mmoja na kuupinda. Meza ikae nje siku kadhaa ili harufu iishe kabla haijaingia chumbani.

Kimo ndicho kitakachobaki kuthibitishwa kwa matumizi, na ndiyo maana ninashauri umwombe fundi, tangu siku ya kuagiza, aache miguu iwe mirefu kwa inchi moja kuliko kipimo chako. Mguu mrefu hukatwa. Mfupi huongezwa kwa shida. Tumia meza wiki moja, ukiwa umekaa mahali pako pa kawaida na viatu au soksi nene unazovaa siku zote. Mabega yakipanda, anza kwa kupunguza nusu inchi. Simamisha meza kwenye sakafu iliyopimwa kwa pimamaji, chukua kipande cha mbao chenye unene wa nusu inchi, kilaze sakafuni kando ya mguu, na upitishe penseli juu yake kuzunguka mguu mzima. Fanya hivyo kwa kila mguu kabla ya kukata hata mmoja, kisha kata kwa msumeno wenye meno madogo ukifuata mstari pande zote nne, piga msasa, na paka vanishi kwenye mbao iliyobaki wazi. Kwa meza yenye nyayo, punguza kwenye nguzo, si kwenye nyayo, na kazi hiyo umwachie fundi. Baada ya miezi miwili kaza skrubu zote tena, kwa kuwa mbao itakuwa imeshatulia.